Wageni Wawili, Kichwa Kimoja

Wahenga hawakuwa na ugomvi na nyani. Walimtazama tu akipanda mti, wakaona jinsi anavyowacheka wenzake waliotangulia juu, naye nyuma yake kumewiva vilevile, ndipo wakasema: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Maana yake ni kwamba binadamu hakunyimwa macho. Amepewa, tena makali, lakini yamewekwa mahali yanapoona kila mtu isipokuwa mwenyewe. Anayebisha na aende Crescent Town, mashariki mwa Toronto, apande lifti hadi ghorofa ya kumi na nne, akamwulize Mwalimu Gerishon. Siku hizi hujibu kwa upole.

Gerishon alikuwa amefundisha historia kule Meru kwa miaka kumi na minane kabla ya kuhamia Kanada. Ingawa sasa alikuwa msimamizi wa ghala la vipuri vya magari, ualimu ulikataa kumtoka. Alizungumza na watu kana kwamba ana chaki mkononi, na alipoagiza kahawa dukani alimalizia kwa kuuliza kama ameeleweka. Watu walimcheka chinichini, lakini walimheshimu, na heshima hiyo alikuwa ameitolea jasho.

Yeye ndiye aliyeanzisha Chama cha Undugu. Miaka kumi na miwili iliyopita, ndugu mmoja kutoka nyumbani alifariki peke yake katika chumba cha kupanga, maiti yake ikakaa wiki tano bila mtu wa kusema, "Huyu ni wetu." Gerishon alipopata habari alilia kama mtoto, akaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena. Alibisha mlango kwa mlango akawakusanya Wakenya na Watanzania, na tangu siku hiyo hakuna aliyefiwa peke yake, wala aliyetua uwanja wa ndege bila kukuta mtu anamngoja na koti zito na chupa ya chai ya tangawizi. Chama hicho alikipenda kama mboni ya jicho lake.

Kilikuwa na matawi mawili. Tawi la Pickering lilikuwa la wenye nyumba zao na gereji za magari mawili. Tawi la Crescent Town lilikuwa la wakaao ghorofani na kugombea lifti. Kamati kuu ilikuwa na viti tisa, navyo viligawanywa kulingana na idadi ya watu wa kila tawi. Kasheshe ilizukia hapo. Wale ambao hawakuwa wametimiza miaka miwili nchini waliitwa wageni. Wageni hawakupiga kura, ila waliingizwa jikoni kila hafla, "ili wazoeane na wenzao." Karibu wote walipanga vyumba vya chini katika nyumba za Pickering, basi Pickering wakadai wahesabiwe kama watu wao, wapate viti vingi. Crescent Town wakapinga: mtu asiyepiga kura atahesabiwaje? Maneno yalipopamba moto, Gerishon alijifungia chumbani siku mbili, akatoka na kifungu cha kumi na moja cha katiba: wageni wawili watahesabiwa kuwa mtu mmoja. Pande zote mbili zikapiga makofi. Pickering walipata viti vitano, Crescent Town vinne. Wageni hawakuulizwa, kwa kuwa walikuwa wanaosha vyombo.

Tangu hapo, mgeni yeyote aliyeinua mkono mkutanoni kuuliza habari za jikoni alipewa jibu moja. Gerishon alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema kwa sauti ya daktari mwema, "Hilo ni jambo zito. Tutalizungumza kikao kijacho." Kikao kijacho hakikuwahi kufika. Kila kilichofika kilikuwa hiki.

Basi mwaka huo ukumbi wa mtaa ulizialika jumuiya mbalimbali zilete michezo ya kuigiza tarehe mosi Agosti, siku ambayo Kanada hukumbuka kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Mwingereza. Gerishon hakungoja kuombwa mara mbili. Alisema ataandika mchezo juu ya jirani wa kusini: jinsi Amerika ilivyobishana juu ya utumwa kwa zaidi ya miaka sabini, ikaubandika viraka badala ya kuung'oa, mpaka majimbo yakagawanyika na ndugu wakaelekezeana bunduki.

"Nitawaonyesha watu vipofu, Mama Kendi!" alimwambia mkewe, Jennifer, muuguzi asiyependa kelele baada ya zamu. "Watu wazima, wenye elimu, wanauona uovu uko mezani kama sahani, na bado wanausogeza pembeni ili waendelee kula!"

"Baba Kendi," alisema Jennifer, "sogeza hiyo yako nipanguse meza."

Kugawa nafasi za waigizaji kulikuwa mtihani. Kila mtu alitaka kuwa bwana mwenye shamba, kwa sababu ya kofia. Mwishowe watu wa Pickering walipewa Kusini na watu wa Crescent Town Kaskazini. Wageni wote wanane, kwa kuwa walikuwapo, wakapewa utumwa. Kofia ilimwangukia Cheruiyot, kiongozi wa tawi la Pickering, mtaalamu wa kompyuta mwenye tumbo la heshima na sauti ya kutangaza mpira. Miongoni mwa wageni alikuwapo Gakii, mwanafunzi wa uuguzi wa miaka ishirini na sita, aliyepanga chumba cha chini katika nyumba ya huyo huyo Cheruiyot. Gakii alikuwa msichana mpole, lakini upole wake ulikuwa kama wa maji ya mtungini: ukiutikisa, unakumwagikia.

Zoezi la kwanza lilikuwa la onyesho la hesabu. Wajumbe wa Kusini wanataka watumwa wahesabiwe ili wapate viti vingi bungeni. Wajumbe wa Kaskazini wanakataa. Mwisho wanapatana kwamba watumwa watano wahesabiwe kuwa watu watatu, wanapeana mikono. Gerishon aliwaeleza waigizaji uovu wa mapatano hayo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Gakii akainua mkono wenye unga.

"Mwalimu, hao waliohesabiwa, wao walisemaje?"

"Hawakuulizwa!"

"Kwani walikuwa wapi?"

"Kazini! Wengine mashambani, wengine jikoni!" Gerishon alipiga meza. "Hebu fikiria, Gakii. Mtu anakupikia, unakula, unashiba, halafu unamhesabu vipande vipande. Hiyo ni akili ya namna gani?"

"Hata mimi nashangaa," alisema Gakii. "Naomba niende nikageuze chapati za mapumziko."

"Nenda, nenda, zisiungue."

Katibu wa chama, Tumsifu, Mchaga wa Moshi mwenye adabu nyingi na mtunzaji wa katiba, alikohoa mara tatu. Gerishon alimshauri atafune tangawizi.

Mambo yangeenda hivyo hivyo kama Gakii asingehama. Chuo chake kilikuwa mbali na Pickering, na alichoka kudamka alfajiri kuwahi treni. Mwanzoni mwa Juni wasichana wawili wa Crescent Town wakampa chumba. Alifunga mizigo yake miwili, akamshukuru mwenye nyumba, akaenda zake. Jioni ya kesho yake Cheruiyot alikuwa sebuleni kwa Gerishon, hajavua hata viatu.

"Mwenyekiti, tumeibiwa mtu."

"Nani huyo?"

"Gakii! Amehamia huku kwenu. Mimi nilikuwa na wageni wanane, vichwa vinne. Sasa nina saba. Vichwa vitatu na nusu! Nikuulize wewe mtu wa vitabu, nusu kichwa kitakaa kwenye kiti gani?"

Halikuwa swali la mzaha. Kwa hesabu ya kifungu cha kumi na moja, kile kichwa kilichokatika kingehamisha kiti kimoja kutoka Pickering kwenda Crescent Town, na aliye na viti vitano ndiye mwenye chama. Watu wa Crescent Town walikuwa wamekwisha kumpokea Gakii kwa vifijo na keki. Usidhani waliwapenda wageni kuliko wenzao, walipenda kiti.

Gerishon aliomba siku moja ya kufikiri, na siku ya pili akatuma uamuzi wake katika kundi la WhatsApp la chama: mgeni atahesabiwa, na atapika, pale pale alipoandikishwa mwanzo, hata akihama. Kwa hiyo Gakii alitakiwa kupanda treni kila Jumapili ya hafla arudi Pickering kuwapikia waliomwandikisha. Gerishon aliona ameponya kidonda bila kumuumiza mtu. Akavuta daftari, akaendelea na mchezo wake, nao ulikuwa umefika kwenye ile sheria kali iliyoamuru kwamba mtumwa akitorokea jimbo lisilo na utumwa, akamatwe arudishwe kwa bwana wake, ndiyo maana wengi hawakusimama tena njiani mpaka walipoingia Kanada. Aliandika kurasa tatu bila kunyanyua kalamu. Jennifer alimkuta machozi yakimdondoka.

"Unalilia nini?"

"Hii sheria, Mama Kendi! Mtu amekwisha vuka, amepata pa kulaza ubavu, halafu watu wanakaa kwenye viti vyao wanaandika waraka arudishwe!"

Jennifer aliitazama simu yake, iliyokuwa bado na ule waraka wa Gakii, akamtazama mumewe. "Baba Kendi, hebu soma tena ulichoandika."

"Nimekisoma mara nne. Kila nikisoma nalia."

"Sisemi cha mchezo."

"Kuna kipi kingine?"

Jennifer akaenda kufua. Alikuwa ameolewa miaka ishirini na mmoja na alijua mawe ambayo hayabebeki.

Jumamosi iliyofuata waigizaji walifika mazoezini, na wakati wa mapumziko wakanyoosha mikono kuelekea meza ya chakula. Meza ilikuwa tupu kama mkeka wa msikitini. Wageni wote wanane walikuwa wamekaa vitini, mikono wamefumbata. Gakii akasimama.

"Mwalimu, mimi sirudi Pickering kupika. Na hata hapa hatupiki, mpaka kifungu cha kumi na moja kizungumzwe."

"Unaona sasa!" Cheruiyot aliruka, kofia ikamtoka. "Umewafundisha kuigiza, wameamini!"

"Zii, hapana, mzee, tusikoseane heshima," alisema Gakii. "Sisi si watumwa, na hakuna aliyesema ni watumwa. Wale walichapwa, wakauzwa, wakanyang'anywa watoto wao. Mtu asiwafananishe na chapati, atawakosea. Sisi tulikuja kwa ndege, tunasoma, tunalipa kodi ya nyumba. Kupika si shida, hata kwetu tunapika. Lakini mtu akinihesabu nusu, nataka aniangalie usoni anionyeshe ni nusu gani."

Watu wote walimgeukia Gerishon. Naye akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Hilo ni jambo zito," alisema. "Tutalizungumza kikao kijacho."

Hapo ndipo uzi ulipokatika. Crescent Town walitangaza kwamba wako na Gakii na kiti chake. Pickering wakatangaza kwamba wanajitenga, wataunda chama chao, Undugu Halisi. Kundi la WhatsApp likagawanyika mawili, kisha matatu, la tatu likiwa la wale waliotaka kusoma matusi ya pande zote. Kisha likaja suala la sufuria. Chama kilikuwa na sufuria nane kubwa, zilizosafirishwa kutoka Nairobi ndani ya masanduku ya nguo, nazo zilihifadhiwa katika gereji ya Cheruiyot. Crescent Town walidai ni mali ya wote. Cheruiyot alisema ziko katika ardhi ya Pickering. Siku wanaume watano walipozifuata kwa gari, walimkuta amesimama mlangoni mwa gereji, koleo la theluji mkononi, mwezi wa Julai, jua likiwaka. Jirani mmoja alitoka kuuliza kama redio imetangaza baridi.

Walirudi bila sufuria, na wote wakakubaliana jambo moja tu: mchezo utaonyeshwa, kwa kuwa jina la chama lilikuwa limekwisha kubandikwa ukutani, na baada ya mchezo utafanyika mkutano wa kukigawa chama.

Gerishon alikosa hamu ya kula. Juma hilo akapigiwa simu kutoka uwanja wa ndege. Binti mmoja kutoka Nakuru, Melissa, alikuwa ametua saa sita zilizopita, na kila tawi lilidhani ni zamu ya lingine kumpokea. Gerishon alikwenda mwenyewe. Alimkuta amekalia sanduku lake, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee," alisema Melissa. "Niliambiwa kuna chama."

Gerishon alilibeba sanduku lake hadi garini. Alikumbuka yule ndugu wa wiki tano. Alipofika nyumbani alimpigia Tumsifu kumwaga yaliyomjaa moyoni. Cheruiyot ni mchoyo wa madaraka. Crescent Town ni wanafiki. Gakii ana haraka. Alitaja watu kumi na saba, kila mmoja na dhambi yake, kwa mpangilio mzuri kama maswali ya mtihani.

"Samahani sana, mwenyekiti," alisema Tumsifu. "Wa kumi na nane umemsahau."

"Nani?"

"Naomba nikae kimya."

"Ndiyo kosa lako hilo, Tumsifu! Kukaa kimya! Wewe ndiye wa kumi na nane." Akakata simu, ameridhika kidogo.

Tarehe mosi Agosti ukumbi ulifurika. Waalikwa wa jumuiya nyingine walikaa nyuma. Mbele, watu wa Pickering walikaa kushoto, watu wa Crescent Town kulia, na katikati wakaacha njia ambayo hata lori lingepita. Jennifer alikaa pembeni na kipaza sauti, akiwaeleza waalikwa kwa Kiingereza yanayotendeka jukwaani. Aliyepangiwa kuwa Spika wa Bunge alikuwa mtu wa Pickering, naye alikuwa amesusa, hivyo Gerishon akaichukua nafasi hiyo yeye mwenyewe. Hakuhitaji kujifunza maneno. Alipoyaandika, maneno ya Spika yalimjia yenyewe, kwa urahisi wa ajabu, pamoja na jinsi Spika atakavyosimama na atakavyoshika miwani.

Onyesho la hesabu lilipita. Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa na mfupa ndani. Onyesho la sheria ya watoro likapita. Kulia mtu akapiga mluzi, kushoto mtu akamwambia anyamaze. Kisha Gakii akaingia, kitambaa kichwani, akasimama mbele ya kiti cha Spika kama ilivyoandikwa.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "na sisi tunaohesabiwa bila kuulizwa, tutasikilizwa lini?"

Gerishon alivua miwani. Akaanza kuifuta kwa ncha ya tai. "Hilo," alisema, "ni jambo zito..."

"TUTALIZUNGUMZA KIKAO KIJACHO!" ukumbi ukamalizia.

Haikuwa sauti ya upande mmoja. Ilikuwa Pickering na Crescent Town, wanawake kwa wanaume, hata wageni waliokuwa nyuma ya pazia wakivaa nguo za onyesho linalofuata. Walikuwa wameyasikia maneno hayo miaka mingi, yakawatoka kama "Amina." Kisha watu wakaangua kicheko, wakapigana mabega, wakafuta machozi. Yalikuwa majuma sita tangu wacheke pamoja.

Gerishon alitabasamu. Alidhani mchezo umependwa. Ndipo akaitazama miwani mkononi, akaitazama tai. Bila miwani hiyo hakuweza kumtofautisha mtu na nguzo, lakini alijiona. Alijiona mwaka ule akitoka chumbani na kifungu cha kumi na moja, amekishika kama mtu aliyepata mtoto. Alijiona akituma waraka arudishwe Gakii, kisha akigeukia daftari kulia. Joto lilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Alitaka jukwaa lipasuke limmeze. Aibu ilimuuma kweli kweli, maana aliyekuwa akikivunja chama chake, siku zote hizo, alikuwa yeye aliyekijenga.

"Gakii," alisema, na sauti haikuwa tena ya Spika. "Huyu ni mimi."

"Ndiyo, mwalimu," alinong'ona Gakii. "Lakini hapo kwenye karatasi hapajaandikwa hivyo."

"Najua. Keti hapa. Hatungoji kikao kijacho, tutazungumza sasa hivi." Akaondoka kwenye kiti cha Spika, akamwachia.

Kutoka pembeni Cheruiyot alichomoza, kofia kichwani, bunduki ya mbao begani. Alikuwa ameifanyia mazoezi mwezi mzima. "Mwenyekiti! Na vita je? Mimi bado sijaingia!"

"Vita hakuna."

"Hakuna kabisa? Hata kidogo?"

Jennifer, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza kila linalotokea, aliwatangazia waalikwa kwamba vita vya Amerika vimeahirishwa. Bibi mmoja wa nyuma alisema ni habari njema, akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Mkutano uliopangwa kukigawa chama ulifanyika hapo hapo, watu wakiwa bado na kofia na vitambaa vyao. Gerishon alisimama bila chaki ya mawazoni. Aliwaomba msamaha wageni, akasema kifungu cha kumi na moja alikitunga yeye na hakumlaumu mtu, akapendekeza kifutwe. Kuanzia siku hiyo kila mtu awe kichwa kimoja kizima, na apige kura tangu siku anayotua.

Watu walimtazama Cheruiyot, wakingoja angurume. Lakini Cheruiyot alikuwa anahesabu vidole. "Ngoja kwanza. Wageni wangu saba, kwa katiba ya zamani, ni vichwa vitatu na nusu. Kwa hii mpya ni saba?"

"Saba kamili."

Mkono wa Cheruiyot ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Crescent Town nao wakaanza kusitasita, mpaka Tumsifu alipoinuka. "Samahani sana ndugu zangu. Mnasahau kwamba hao watu saba sasa watampigia wanayemtaka wenyewe, si mwenye nyumba." Mikono ya Crescent Town ikapanda yote. Ya Pickering ilikuwa imekwisha panda, na ikaonekana si adabu kuishusha. Zile sufuria zilirudishwa kesho yake, zimesuguliwa.

Kwa kuwa katiba ilikuwa mpya, uchaguzi ulifanywa upya. Gerishon aliomba aendelee kuwa mwenyekiti. Tumsifu, kwa kusukumwasukumwa, akakubali kushindana naye. Wazee wa chama waligawanyika sawasawa. Gerishon akaangushwa kwa kura tisa: nane za wageni, na moja ya Melissa, aliyekuwa na siku tisa tu nchini lakini alikuwa bado anazikumbuka saa sita za kukalia sanduku. Ilimuuma, asingedanganya mtu. Alimpa Tumsifu mkono, akatoka nje akasimama kidogo peke yake. Aliporudi aliwakuta watu wa Pickering na Crescent Town wamekaa mchanganyiko wakimtania Cheruiyot na bunduki yake, na moyo wake ukatulia. Chama kilikuwa kizima. Kama bei yake ilikuwa kiti, kiti na kiende.

Zamu za jikoni zilipangwa na Gakii. Alizipanga kwa ukongwe: aliyeanza kuishi Kanada mapema ndiye atakayeanza kupika. Hivyo katika hafla ya kumkaribisha Melissa, Gerishon na Cheruiyot walijikuta ubavu kwa ubavu, aproni za maua viunoni, mmoja na kifimbo chake cha kusukumia chapati na mwingine na chake, na unga hadi kwenye nyusi. Wageni walikaa ukumbini wakinywa soda, na kila mara mmoja wao alipita mlangoni kana kwamba amepotea njia, akatazama, akaondoka akishika mbavu.

Cheruiyot aliinua chapati yake ya kwanza. Ilikuwa na pembe nne na ugumu wa kandambili. Gerishon aliitazama, na yule mwalimu wa zamani akaamka ndani yake.

"Ndugu yangu, hii ni chapati au ni kigae cha bafuni?" Alijifuta mikono akamgeukia kabisa. "Sikiliza nikufundishe. Kwanza, unga haupigwi kama adui, unabembelezwa. Pili, donge lipumzike. Tatu, na hili ndilo linalowashinda wengi, chuma kikishapata moto mpishi haondoi jicho lake hata kidogo. Wewe unazubaa, Cheruiyot. Tatizo lako ni kuzubaa. Nimeeleweka?"

Cheruiyot alikuwa akitazama nyuma ya bega la mwalimu wake, na machozi yalianza kumlengalenga. Gakii na Melissa walikuwa wamesimama mlangoni, mikono midomoni. Ving'ora vya moshi vikaanza kulia dari nzima.

"Baba Kendi," alisema Jennifer akifungua dirisha, "hebu geuka."

Akageuka. Nyuma yake, juu ya chuma chekundu, chapati yake mwenyewe ilikuwa imekuwa mkaa, nayo ilikuwa inawaka.

Nyani haoni kundule. Na hata akionyeshwa leo likamtia haya, kesho itabidi ageuzwe tena.